Gari la Babu Halifi: Historia ya Land Rover Zilizobadilishwa Injini na Mafundi Wasiotajwa Popote

Wadau, kuna swali likitupwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, siku hiyo hakuna anayelala. Si la mahari wala la kiwanja. Ni hili: "Ile Land Rover ya babu pale nyuma ya nyumba tunaifanyaje?"

Mmoja atasema iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mwingine, mara nyingi yule anayeishi mbali kuliko wote, atasema huo ni urithi na mtu asiuguse. Shangazi atauliza nani analipia. Halafu atatokea mjomba mmoja ambaye huwa haongei sana, ataandika maneno manne tu: "Itafutiwe injini ya Toyota."

Hapo ndipo moto unapowaka. Wapo wanaoona ni akili. Wapo wanaoona ni dhambi kabisa, sawa na kumvisha babu jezi ya timu pinzani. Leo tuifuatilie hiyo sentensi ya mjomba ilikotoka, maana ina historia ndefu kuliko wengi tunavyodhani. Na kama kwenu lipo gari la aina hiyo, kuna vitu humu vitakusaidia kabla hujamtumia fundi hela.

Land Rover yenyewe ilizaliwa kwa kuunganishwa unganishwa

Tuanze na wale wanaosema kubadili injini ni kuharibu "asili" ya gari. Asili ipi?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Rover ya Uingereza ilikuwa na hali ngumu. Chuma kiligawiwa kwa kibali, na serikali ilitaka kampuni ziuze nje ili nchi ipate fedha za kigeni. Mhandisi mkuu wake, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kwenye kisiwa cha Anglesey huko Wales, na pale shambani alitumia jipu la Kimarekani lililobaki kutoka vitani. Jipu lilikuwa linachoka na spea zake hazikuwa rahisi kupata. Wazo likaja: kwa nini Rover isitengeneze la kwake?

Mwaka 1947 wakaunda gari la majaribio. Walichofanya kinafanana sana na kinachofanyika leo kwenye gereji zetu: walichukua chesisi ya jipu, wakaitia injini ya gari dogo la Rover. Yaani Land Rover ya kwanza kabisa ilikuwa jipu la Marekani lililobadilishwa injini. Tarehe 30 Aprili 1948 ikaonyeshwa rasmi kwenye maonyesho ya magari Amsterdam, ikiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu, na injini ya petroli ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi kama 50.

Na usidhani wenzao walikuwa tofauti. Toyota walitoa "Jeep" yao mwaka 1951 wakatumia injini kubwa ya petroli ya silinda sita iliyotoka kwenye malori yao, na muundo wa injini hizo ulikuwa na asili yake kwa Chevrolet ya Marekani. Jina "Land Cruiser" lilikuja mwaka 1954. Aliyelipendekeza, Hanji Umehara, alitaka jina lisilopungua hadhi mbele ya Land Rover. Kwa hiyo hawa mahasimu wawili wanaogombanisha ukoo wenu wote walianza kwa kuazima.

Kuna moja zaidi. Ile injini ya V8 ya lita 3.5 iliyoipa sifa Range Rover ya mwaka 1970? Rover waliinunua haki zake kutoka General Motors, na mwanzo ilikuwa injini ya Buick. Kiwanda kikifanya hivyo tunaita uhandisi. Fundi wa Gerezani akifanya hivyo tunaita kuchakachua. Fikiria hapo.

Ilivyofika kwetu

Land Rover ilifika Afrika Mashariki mapema, wakati wa ukoloni. Kipindi hicho hicho Tanganyika ilikuwa kwenye ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, Kongwa na Nachingwea, ambako hata matrekta mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani. Mradi ulikufa ndani ya miaka michache. Lakini inakuonyesha kwamba mchezo wa kuchukua mashine ya kazi moja na kuifanyisha nyingine haukuanzia kwenye gereji za mtaani.

Baada ya Uhuru, Land Rover likawa gari la serikali, misheni, hospitali, hifadhi za wanyama na polisi. Kenya ikaanza hata kuyaunganisha magari ya Leyland pale Thika miaka ya 70. Babu zetu wengi hawakununua Land Rover mpya. Waliipata kwenye mnada, baada ya serikali au misheni kuichosha. Jina likaingia mpaka kwenye lugha: Tanzania hadi leo gari la wazi la polisi linaitwa "difenda," hata kama limeandikwa Toyota ubavuni. Hilo jina lilianza kutumika kiwandani mwaka 1990 tu, lakini mtaani limeshageuka kuwa neno la Kiswahili.

Sasa gari lilikuwa imara, tatizo lilikuwa kwenye moyo wake. Zile za miaka ya 60 na 70, hasa 109 ambayo wazee wanaiita "wan-o-naini," nyingi zilikuwa na injini ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli. Ya petroli ilikuwa rahisi kutengeneza ila inakunywa balaa. Ya dizeli ilikuwa haina haraka kabisa: nguvu za farasi kama 62 kwa gari linalobeba watu kumi na magunia juu. Kwenye mlima wa Sekenke abiria alikuwa na muda wa kushuka, kununua mahindi ya kuchoma na kulikuta gari bado linapanda.

Injini hizi zilikufaje? Mara nyingi kwa maji. Rejeta imeziba, mkanda wa feni umekatika porini, dereva kaongeza maji ya chumvi ya kisimani mwaka baada ya mwaka, kutu imekula njia za maji ndani. Injini inachemsha, silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili. Ukiona oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, ujue habari imeisha. Zile za dizeli yenye tabo za lita 2.5 zilizokuja mwaka 1986 nazo zikapata sifa mbaya ya kuchemka na kupasua pistoni. Kiwanda chenyewe kikaziacha na kuleta 200Tdi, na baadaye 300Tdi mwaka 1994. Hizi za Tdi zilikuwa nzuri sana, ila zina mkanda wa taimingi. Usipobadilishwa kwa wakati ukakatika, vavu zinagongana na pistoni na biashara inafungwa.

Miaka ya kufunga mikanda

Hapa ndipo mafundi wetu wanapoingia, na ndipo hadithi inapokuwa yetu hasa.

Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda kutoka karibu dola 3 kwa pipa hadi kama dola 12 ndani ya miezi michache. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 ikaja vita ya Kagera, na ilipoisha 1979 mafuta yakapanda tena. Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazee watakwambia ile miezi 18 ilivyokuwa mirefu. Fedha za kigeni hazikuwepo, sabuni foleni, sukari foleni. Serikali ilifikia hatua ya kuzuia magari binafsi yasitembee Jumapili mchana ili kuokoa mafuta.

Sasa jiulize: kama sabuni ni foleni, nani atakupa kibali cha kuagiza pistoni za Land Rover kutoka Uingereza?

Hakuna. Kwa hiyo gari likinoki porini, kijiji kizima kimekosa gari la wagonjwa. Hapo fundi hana anasa ya kujadili asili. Anaangalia kilichopo. Gari lililopinduka linatoa injini, gari lililokufa injini linatoa bodi, mawili yanakuwa moja. Matrekta ya Massey Ferguson yalikuwa yamejaa mashambani, na trekta ya 165 ilitumia injini ya Perkins ya silinda nne, 4.203, ambayo inaingia kwenye Land Rover ukishaweza kuiunganisha na giaboksi. Hata Uingereza kwenyewe wakulima walifanya sana hivyo. Ni injini nzito, inatetemesha gari mpaka meno yanagongana, ila inatumia mafuta kidogo na inavumilia dhiki.

Waliofanya kazi hizi wengi hawakupita vyuo vikubwa. Walikuwa makuli wa karakana za Wahindi waliojifunza kwa kushika tochi, vijana wa karakana za misheni, wastaafu wa jeshi, madereva wa idara za serikali. Walikuwa wanachonga bushi kwa mkono na kukata gasketi kwenye boksi la karatasi ngumu. Wilks yuko kwenye vitabu na Umehara yuko kwenye vitabu. Hawa hawako popote.

Siyo sisi tu

Kabla mtu hajasema "ni umaskini wetu," tuangalie wengine.

Australia waliona injini za Kiingereza haziwafai kwenye umbali wao. Wakulima wao walizing'oa wakaweka za Holden, silinda sita, kwa sababu spea za Holden zilikuwa kila mji. Baadaye waunganishaji rasmi wa Land Rover kule Australia wakaona isiwe tabu, wakaanza kuzifunga kiwandani injini za Isuzu za dizeli za lita 3.9, na jeshi la Australia likanunua Land Rover nyingi za namna hiyo. Hiyo ni Land Rover yenye moyo wa Kijapani, kwa mkataba wa serikali, miaka ya 80.

Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi nayo, ikiwa chini ya shinikizo la vikwazo, ililazimisha injini za dizeli zilizotengenezwa ndani ya nchi kwa leseni ya Perkins, na zikafungwa mpaka kwenye Land Rover. Miaka ya 90 mwishoni, wakati BMW inaimiliki kampuni hiyo, kule kule Afrika Kusini zikaunganishwa Defender zenye injini ya petroli ya BMW ya lita 2.8.

Kwa hiyo sababu ni ile ile kila mahali. Mtu hachagui injini kwa mapenzi ya nembo tu. Anachagua ile ambayo ikiharibika saa kumi jioni, spea itapatikana kabla duka halijafungwa.

Mzee Ruksa na makontena ya Japani

Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana alizipata wapi. Pikapu za Kijapani zikaanza kumiminika. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu, milango ikafunguka zaidi, na jina la Mzee Ruksa likamganda. Hiace zikaja kuwa daladala Dar na matatu Nairobi.

Watu wengi hawaunganishi hili na Land Rover, lakini ndilo lililobadili kila kitu. Hiace na Hilux za dizeli zilikuja na injini za familia moja: 2L, 3L na baadaye 5L. Mji ukishakuwa na mamia ya Hiace, kila kibanda cha spea kinauza ringi zake, pampu zake, nozo zake. Fundi wa kila kona anaijua kwa kuisikiliza tu. Injini ya Land Rover ikawa mgeni kwenye nchi iliyokuwa yake.

Na Japani kwenyewe kulikuwa na mambo mawili yaliyotusaidia bila wao kutufikiria. La kwanza, ukaguzi wao wa magari ni mkali na wa gharama, kwa hiyo mtu anaachana na gari ambalo kwetu ni jipya kabisa. Magari hayo yanakatwa, injini zinapakiwa kwenye kontena, nyingine moja kwa moja huku, nyingine zinapitia Dubai na Sharjah. La pili ni moshi. Japani ilitunga sheria za kupunguza hewa chafu ya dizeli mijini, mwaka 1992 na tena 2001, na kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ikazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyokidhi viwango. Dizeli nyingi nzima kabisa zikakosa kwa kuishi nyumbani. Zikaja kwetu.

Humo ndimo ilimopatikana mfalme wa simulizi zote za gereji: 1HZ. Silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta. Ilianza kwenye Land Cruiser mwaka 1990 na imeendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 30. Magari ya watalii ya Arusha mengi yanatembea nayo. Ndiyo maana mjomba akisema "injini ya Toyota," masikioni mwa watu inalia 1HZ, ingawa kwa Land Rover ya babu mara nyingi 3L au 5L inatosha na ni nyepesi zaidi mfukoni.

Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road kule Nairobi, soko la Kisekka kule Kampala: sehemu hizi ndizo zilikuwa vyuo vikuu vya kazi hii. Hakuna cheti. Cheti ni gari kurudi kwenu bila kuvutwa.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Watu wanadhani kubadili injini ni kutoa hii na kuweka ile. Laiti.

Kwanza unachagua unabadili nini. Ukileta injini na giaboksi yake ya Toyota, umeepuka tabu ya kuunganisha mbele ila umehamishia tabu nyuma: propela shafti zinatakiwa kukatwa upya, giaboksi ndogo ya fowili lazima ikae sawa na difu. Ukibaki na giaboksi ya Land Rover, unahitaji pleti nene ya chuma ya kuunganisha, iliyochongwa kwa vipimo. Hapa ndipo fundi mzuri anapojitenga na tapeli. Shafti ya giaboksi na kreki shafti ya injini lazima zitazamane katikati kabisa. Zikipishana kidogo tu, gari litatembea vizuri wiki ya kwanza, wiki ya tatu beringi inalia, mwezi wa pili klachi imekufa na fundi hapokei simu.

Halafu sampu. Injini ya Kijapani haikutengenezwa kwa ajili ya chesisi hiyo, kwa hiyo sampu inaweza kugongana na difu ya mbele gari likiingia shimoni. Anayekwambia "itakaa tu" hajawahi kuendesha njia ya Loliondo. Maundingi ya injini yanachomelewa upya kwenye chesisi, na yakichomelewa hovyo injini itapiga dansi mpaka chesisi ipasuke.

Kisha kupooza. Injini kubwa inatoa joto zaidi, rejeta ya zamani haiwezi. Umeme nao: dizeli nyingi za Kijapani za zamani zilitumia volti 24 wakati Land Rover yako ni volti 12, kwa hiyo staata na alteneta zinatakiwa kulingana na gari. Na breki, wadau, breki! Ukilipa gari la mwaka 1975 nguvu mara mbili ya ile ya kiwandani ukaacha breki za drami zilezile, hujatengeneza gari, umetengeneza msiba. Watu wanapigia picha injini na kuiposti, hakuna anayeposti breki.

Kwa nini mafundi wanapenda dizeli za zamani? Kwa sababu hazina kompyuta. Ikipata dizeli, hewa na staata, na waya wa kuifungulia mafuta, inawaka. Ile Td5 ya mwaka 1998 inaongozwa na kompyuta, na hapo fundi wa nyundo anahitaji rafiki mwenye laptopu.

Ukienda kununua injini ya mtumba, mambo machache. Ione ikiwaka kabla hujalipa, kama inawezekana, na iwashwe ikiwa ya baridi, maana iliyochemshwa kabla hujafika inaficha mengi. Fungua mfuniko wa oili inaponguruma: ikipumua moshi kama treni, ringi zimechoka. Angalia oili isiwe ya maziwa na maji yasiwe na mafuta. Dai kipimo cha mgandamizo kwa kila silinda. Hakikisha pampu, staata, alteneta na flaiwili vinakuja pamoja, kwa sababu muuzaji akivitoa kimoja kimoja utakuta umenunua injini mara mbili. Na namba ya injini isomeke, isiwe imepigwa grenda.

Namba ya injini siyo urembo

Hilo la namba nalisisitiza kwa sababu ndilo linalowaponza vijana wengi. Kadi ya gari inaandika namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadili injini bila kubadili kumbukumbu, kwenye karatasi unaendesha gari ambalo halipo. Siku ya ajali bima itauliza. Siku ya kuuza mnunuzi atauliza. Na siku polisi watakapokagua, kama ile injini iliibiwa kwenye gari la mtu, wewe ndiye utakayeeleza. Tanzania mabadiliko haya yanapelekwa TRA, Kenya yanapelekwa NTSA. Chukua risiti yenye namba ya injini kutoka kwa muuzaji na nakala za nyaraka za kuingizwa kwake nchini. Ni usumbufu, ndiyo. Ila ni usumbufu wa siku chache dhidi ya kesi ya miaka.

Sasa "orijino" ni ipi?

Hapa tunafika kwenye kitu kinachoniumiza kidogo.

Tarehe 29 Januari 2016 kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya ule muundo wa zamani. Tangu hapo bei za zile za zamani zimepanda nje. Marekani gari lililofikisha miaka 25 linaingia bila masharti mengi ya usalama, kwa hiyo kuna watu wanazunguka mpaka huku kutafuta Land Rover kuukuu. Na wao wana neno moja: namba zilingane. Injini iwe ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ukiwaonyesha ile yenye 3L ya Hiace, wanakunja uso na bei inashuka.

Kibiashara wana haki yao, hela ni zao. Lakini ile isiyoguswa mara nyingi ni ile iliyokuwa na bwana aliyeweza kuagiza spea Uingereza, au ile iliyokufa mapema ikawekwa bandani. Ile yenye injini ya tatu, yenye alama za kuchomelea na pleti iliyochongwa kwa mkono, ndiyo iliyopeleka wajawazito hospitali mwaka 1982, ikabeba mahindi mwaka wa njaa, ikamleta bibi mjini kwa mara ya mwisho. Kama historia ni kilichotokea, basi kilichotokea kimeandikwa kwenye hiyo injini ya kubadilishwa.

Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha lao. Wenye kupiga picha walikimbilia zile zinazong'aa. Ila ungefungua boneti moja moja ungeona nchi nzima imelala humo: Uingereza, Japani, trekta, daladala.

Na mchezo haujaisha. Nairobi kuna kampuni iliyoanza kama Opibus, leo inaitwa Roam, iliyokuwa inatoa injini za dizeli kwenye magari ya safari na kuweka mota za umeme. Simba hakimbii, mtalii hasikii mngurumo. Mjukuu wa leo anaweza kuja kuandika kwenye grupu la ukoo: "Itafutiwe betri." Na mjomba wa leo, yule wa Toyota, ndiye atakayesema huo ni uharibifu wa asili. Tutacheka sana.

Kuhusu lile swali la ukoo, jibu la kihesabu ni hili: kama chesisi imeoza kwa kutu, iache, injini mpya kwenye chesisi iliyooza ni kumvisha maiti suti. Kama chesisi ni nzima, na kuna mtu ndani ya ukoo atakayeliendesha kweli siyo kulipiga picha Krismasi tu, badilini injini, fanyeni na breki, na karatasi zinyooshwe.

Ila kabla ya yote hayo kuna kazi isiyo na gharama. Mtafute mzee yeyote anayekumbuka, umuulize ni fundi gani aliyelishusha injini hilo gari mara ya mwisho, anatoka wapi, alijifunzia kwa nani. Liandike jina lake na mwaka, ulitunze pamoja na kadi ya gari. Na kama kwenu yupo fundi wa namna hiyo ambaye bado yuko hai, mpigie leo. Wengi wao sasa macho hayaoni vizuri, lakini ukiwasha injini mbele yao watakwambia silinda ipi ina shida.